Sauti Nyuma ya Ukuta

Taa ziliporudi, shingo ya Ilka Szarvady ilikuwa tupu.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na ninajua wapo walionisema vibaya kwa kuwaacha gizani wiki nzima. Haya, mwanga huu hapa. Ukumbi wa dansi uliojengwa kwa mbao na karatasi ndani ya studio ile ya Weissensee, pembezoni mwa Berlin, uling'aa tena. Wachezaji dansi walisimama palepale walipoambiwa wasimame. Katikati yao alikuwa Ilka, nyota wa filamu, amejishika koo kwa mikono miwili, kinywa wazi.

Mkufu wa almasi haukuwapo. Na haukuwa wa bandia. Uliazimwa kwa sonara mkubwa wa mjini ili magazeti yapate la kuandika, na mlinzi wa sonara alikuwa amesimama nyuma ya kamera akiulinda kwa macho yake yote mawili.

"Safi sana," alisema Drosthagen, mwongozaji, akijipigapiga paja. "Uso huo, Ilka, uso huo watu watapanga foleni kuutazama. Haya, mwizi, mrudishie mkufu tupige tena."

Mwigizaji aliyecheza mwizi akatoa mikono yake mbele, mitupu.

"Sikuufikia," alisema. "Nilipomgusa shingoni palikuwa patupu tayari."

Kwanza watu walicheka. Kisha mlinzi wa sonara akaruka waya, akaangusha kiti cha mwongozaji na mwongozaji akiwa ndani yake, akafunga milango yote ya studio. Hapo kicheko kikakauka. Ilka akazimia taratibu na kwa uzuri, upande uliokuwa na kochi.

Sasa njoo huku nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta ule wa plaiwudi, mahali penye nafasi ya kabati la nguo, alisimama Ottilie Rehbein, ambaye wote walimwita Otti, maikrofoni ikiwa mbele ya pua yake. Kazi ya Otti ilikuwa kusema. Ilka alikuwa Mhungaria. Enzi za filamu bubu uso wake ulizunguka dunia nzima na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Filamu zilipojifunza kusema, Ilka naye akafungua kinywa, na mwenye kampuni nusura alie. Kijerumani chake kilikwenda kama mkokoteni juu ya mawe. Basi wakamtafuta Otti, mwigizaji wa jukwaani ambaye uso wake haukumsimamisha mtu njiani lakini sauti yake iliwafanya watu waache kutafuna. Ilka anachezesha midomo mbele. Otti anamtazama kwenye kitundu ukutani, anasema nyuma. Pale studio kila mtu alijua. Nje hakuna aliyejua, na hakutakiwa ajue.

Kwenye tukio lile la giza Otti alitakiwa apige ukelele. Aliupiga, lakini alichelewa, kwa sababu alikuwa amesikia kitu.

Giza lenyewe lilitakiwa liwe la kufumba na kufumbua. Likawa refu, mtu angeweza kukoroga chai na kuinywa. Na ndani ya giza hilo, upande wa pili wa plaiwudi, karibu kiasi kwamba Otti alihisi mbao ikitetemeka, mwanamke alinong'ona maneno mawili.

"Vidd. Siess."

Otti hakujua maana yake. Lakini sauti aliijua vizuri kuliko yake mwenyewe. Tangu majira ya kupukutika majani kazi yake ilikuwa kuifuata pumzi ya mwanamke yule kama kivuli. Ilikuwa sauti ya Ilka, na haikuwa sauti ya mtu anayeibiwa. Ilikuwa ya mtu anayetoa.

Alikuwa bado ameduwaa Bwana Oldenkott, mwenye kampuni, alipopenyeza kitambi chake kati ya mbao na kumshika kiwiko.

"Binti Rehbein, polisi wanakuja, na wakija wao waandishi wa habari wako nyuma yao," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe hapa hupo. Hujawahi kuwapo. Nenda kajifiche stoo ya mavazi."

Otti akaanza kumweleza aliyoyasikia. Oldenkott hakumpa nafasi. Alimkumbusha mkataba aliotia saini, akamkumbusha filamu ya kwanza ya Ilka iliyojaza kumbi za sinema mpaka Vienna, akamwomba atupe jicho pale ukumbini awahesabu mafundi, washonaji na wapiga fidla ambao wote walikuwa na kazi kwa sababu ya uso mmoja na sauti moja. Siku dunia ikijua kwamba uso na sauti si vya mtu mmoja, filamu imekufa, na watu wale wote wanarudi kwenye foleni ya wasio na kazi. Mwaka ule, msomaji wangu, foleni hiyo ilizunguka Berlin kama mkanda.

Otti akaenda. Njiani alipita mbele ya kile kibanda cha vioo cha fundi wa sauti, na ndani yake Falk Immendorf, visikilizio vikiwa vimening'inia shingoni, alimpungia mkono na kumkonyeza kama mtu anayesema tutacheka baadaye. Falk alikuwa mchumba wake. Walikuwa wafunge ndoa Pasaka. Moyo wa Otti ukatulia kidogo.

Stoo ya mavazi ilinuka nondo na unga wa uso. Otti alikaa kati ya sare za askari wa mfalme na magauni ya dansi, akasubiri. Habari zililetwa vipande vipande na Bibi Pfannschmidt, mshonaji mkuu, mwanamke mwenye pini mdomoni saa zote, ambaye alijipa kazi ya kuingia na kutoka akidai anatafuta uzi.

Mara ya kwanza aliingia kusema kwamba Inspekta amefika kutoka Aleks, makao makuu ya polisi. Anaitwa Lüdecke na ni mkubwa kama hilo kabati.

"Unajua alivyofanya alipomwona Ilka?" alisema. "Kavua kofia, kaisokota mpaka imekuwa tambara. Anasema ile filamu ya kwanza ameitazama mpaka mkewe akagoma kumpikia. Anasema sauti ile anaisikia usingizini. Sauti yako hiyo, mwanangu. Jitu zima linaota koo lako halijui."

Otti alicheka bila kupenda.

Mara ya pili Bibi Pfannschmidt alieleza kwamba Ilka amekataa kusema neno hata moja. Daktari wa kampuni amemwambia Inspekta kuwa Bibi Szarvady amepoteza sauti kwa mshtuko, na Inspekta nusura amletee blanketi kwa mikono yake. Fundi wa sauti ameulizwa kama alisikia lolote masikioni mwake wakati wa giza, naye kajibu kwamba hakusikia kitu ila watu wakihema.

Mara ya tatu Bibi Pfannschmidt aliingia pole pole, na pini alikuwa ameshazitoa mdomoni.

"Wamempata, Otti."

"Nani?"

"Kwenye mkebe wake wa chakula aliouacha huku chini, kati ya mkate na tango la siki. Kifungo cha mkufu, na almasi yake moja. Mkufu wenyewe hawajauona." Akaketi juu ya sanduku. "Ni shemeji yako."

Wenzel Hartkopf alikuwa fundi wa taa. Ndiye aliyekaa juu kabisa, kwenye daraja la mbao chini ya paa, mkono kwenye swichi kubwa. Alikuwa mume wa Friedel, dada yake Otti. Zamani, kabla ya kumwoa Friedel, aliwahi kuvunja dirisha la duka la saa na kufungwa kwa ajili hiyo. Tangu alipotoka hakuwahi kuokota hata kitufe cha mtu. Otti ndiye aliyemwombea kazi hii, akamwapia Oldenkott kwamba atamdhamini kwa jina lake.

Sasa Inspekta alikuwa na mfungwa wa zamani, swichi iliyochelewa, na almasi ndani ya mkebe. Wenzel alijitetea kwamba yeye huwasha taa akisikia kengele kutoka kibanda cha sauti, na siku ile kengele ilichelewa. Falk alisema aliipiga wakati wake. Nani amwamini mvunja dirisha?

Otti akainuka.

"Kaa chini, mwanangu," Bibi Pfannschmidt alisema. "Ukipita huo mlango umetuzika wote. Mimi nina miaka mingi kuliko wewe, na sindano hizi ndizo zinazolisha wazee wangu wawili nyumbani. Kaa."

"Nikikaa, Friedel nitamwambia nini?"

Bibi Pfannschmidt aliinuka kutoka kwenye sanduku. Akamtazama tangu juu mpaka chini, akainama, akamwondolea uzi uliokuwa umening'inia kwenye upindo wa gauni.

"Basi angalau usitoke umechakaa," alisema.

Otti alipita ule mlango.

Alimkuta Wenzel amesimama katikati ya ukumbi wa dansi wa karatasi, pingu kwenye mkono mmoja, sajini ameshika upande wa pili. Alikuwa amevaa fulana ya kazi na uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa kama mtu ambaye siku zote alijua watamrudia.

"Bwana Inspekta," Otti alisema, "mwachie huyo. Si yeye."

Hapa, msomaji wangu, natamani ungekuwapo. Inspekta Lüdecke aligeuka haraka, lakini hakumgeukia Otti. Alimgeukia Ilka kwenye kochi, uso umemng'aa, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya Ilka, ile ile ya usingizini. Akamkuta Ilka amefumba midomo na kuuma leso. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamwona msichana wa gauni la kijivu mlangoni.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Mimi."

Inspekta akarudi nyuma nusu hatua. Kule nyuma Bwana Oldenkott alijifunika uso kwa kofia yake na kubaki hivyo.

"Sema tena," Inspekta aliomba, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imepungua.

"Nimesema mwachie. Naitwa Ottilie Rehbein. Wakati taa zilipozimika nilikuwa nyuma ya ukuta huu. Nipo nyuma ya ukuta huu kila siku."

Akamweleza yote, maikrofoni, kitundu, midomo. Inspekta alisikiliza kama mtoto anayeambiwa nani hasa huleta zawadi za Krismasi. Otti alipomaliza, yule bwana mkubwa alibaki na swali moja, na halikuhusu mkufu.

"Yule binti anayeagana na mchumba wake stesheni, katika ile filamu ya kwanza. Anaposema, 'Usigeuke nyuma.'"

"Ni mimi."

"Na wimbo wa dirishani?"

"Mimi. Siku hiyo nilikuwa na mafua."

"Nilidhani ni majonzi," Inspekta alisema, akavaa kofia yake iliyosokotwa, na kutoka hapo akawa polisi tena. Alimtaka aseme alichokisikia gizani.

Otti akayarudia yale maneno mawili. Aliyarudia kwa namna aliyozoea kufanya kazi yake: pumzi ileile, mkazo uleule, ule mkwaruzo mdogo wa kooni. Watu walioujua mnong'ono wa Ilka waligeuka kumtazama Ilka.

Inspekta hakuhitaji mkalimani. Wakati wa vita alilala handaki moja na Wahungaria huko Galicia, akaambulia chawa, baridi yabisi ya mgongo, na maneno machache ya Kihungaria.

"Chukua. Haraka," alitafsiri. Akamtazama mwanamke wa ndoto zake. "Bibi Szarvady?"

Ilka alitikisa kichwa. Machozi yakamlenga. Yalimlenga vizuri, kama kawaida.

"Basi ni neno la huyu dhidi ya kimya cha yule," Inspekta alisema.

"Si neno langu tu," Otti alisema. "Maikrofoni yangu ilikuwa wazi. Kama mimi nilisikia, nayo ilisikia. Imo kwenye sahani ya nta, ile inayonasa sauti."

Pakazuka mtafaruku. Drosthagen alilia kwamba nta ni laini, ukiipitisha sindano mara moja tu umeichimba, haifai tena kwa filamu. Kazi ya mchana mzima ingekwenda na maji. Falk naye alitoka kwenye kibanda chake akasema hivyohivyo, kwa upole, kwamba ni bora sahani ipelekwe kiwandani kwanza. Oldenkott alisema kitu ndani ya kofia. Inspekta aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akaamuru sahani ichezwe.

Wakakusanyika mbele ya kibanda cha vioo. Falk aliweka sindano kwenye nta kwa mkono uliotulia. Mara ukasikika muziki wa dansi, mwembamba kama unatoka ndani ya chupa. Muziki ukakatika, hapo ndipo taa zilipozimwa. Likafuata sss la nta tupu, refu, refu mno.

Kisha: "Vidd. Siess."

Hata mlinzi wa sonara alivuta pumzi. Otti akamtazama Wenzel, na kwa mara ya kwanza Wenzel akainua kichwa. Imekwisha, Otti aliwaza. Leo usiku Friedel atampikia supu ya dengu na watalicheka jambo hili.

Lakini sahani haikuwa imemaliza kuzunguka. Baada ya mnong'ono wa mwanamke ulikuja wa mwanamume. Ulikuwa mfupi, kwanza pumzi iliyopigwa puani, halafu neno moja dogo.

"Jó."

"Sawa," alitafsiri Inspekta.

Ukafuata ukelele wa Otti mwenyewe, na Falk akanyanyua sindano.

Wapo watu ambao hawamjui mtu mpaka wamwone uso. Otti aliwajua kwa pumzi. Falk alivunjika pua utotoni alipoanguka na baiskeli, na kabla ya kusema lolote, hata habari za asubuhi, hata nakupenda, pumzi humtoka kwanza puani kama mtu anayepuliza manyoya. Wengine pale studio waliizoea mpaka hawakuisikia tena. Otti aliisikia kila siku, na aliipenda.

Aliwaza mambo kwa vurugu. Kwamba kibanda cha vioo kiko karibu sana na ukumbi. Kwamba mashine ya nta hujizungusha yenyewe, haihitaji mtu kukaa nayo. Kwamba mwenye kengele ya taa ni yeye. Na lile lililomchoma kuliko yote, jambo dogo la kipuuzi: Falk alijifunza lini Kihungaria, na kichwa chake kilikuwa juu ya mto gani?

"Mwanamume huyu," Inspekta alikuwa akimuuliza, "unaijua sauti yake?"

Falk alikuwa akiifuta sindano kwa kitambaa. Hakuinua uso. Otti alitazama kisogo chake, ile nywele iliyosimama ambayo haikulala hata ukiipaka mafuta, na akili ikamtoroka. Alihitaji dakika moja tu. Angemuuliza kwanza. Huenda kulikuwa na maelezo. Alitoka stoo ya mavazi kwa ajili ya ukweli, na ukweli ulipomjia usoni akauogopa.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Sajini akaandika.

Hapo ndipo Ilka Szarvady aliponyanyuka kutoka kwenye kochi. Alikuja pole pole, amejifunga shali la hariri, akasimama mbele ya Inspekta, na mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu filamu zijifunze kusema, akafungua kinywa chake mwenyewe.

"Bwana Polisi," alisema, na mkokoteni ukaanza kwenda juu ya mawe. "Mimi hapana sauti. Huyu nasema mwenyewe sasa hivi. Sauti ya mimi iko yake. Sivyo? Wewe nasikia mimi katika maikrofoni ya yeye. Nani kaa na maikrofoni ya yeye? Yeye."

Hakuna aliyecheka.

"Ni lugha yako, bibi," Inspekta alisema.

"Na sasa hivi yeye nasema lugha yangu mbele ya wewe. Vizuri sana. Wewe naona kama mimi." Ilka akamgeukia Otti, na macho yake hayakuwa na machozi tena. "Kazi yake kuwa mimi. Huyu fundi wa taa, mume wa dada yake. Juu yeye nazima. Gizani nashuka, chini napokea, nasema 'jó', napanda tena. Halafu kwa nini toka mafichoni? Kwa sababu shemeji nakamatwa."

Kila alichokisema mwanamke yule kilikuwa uongo, na kila kimoja kilikuwa kimethibitishwa na Otti mwenyewe kwa mdomo wake.

Inspekta Lüdecke alikuna kidevu. Alionekana kuwa na huzuni, lakini alikuwa polisi kabla ya kuwa mpenda sinema. Akasema lipo jambo moja la kuamua. Kama mwanamke wa kwenye sahani alikuwa upande wa pili wa mbao, mnong'ono wake ungefika ukiwa umefifia, wa mbali. Kama alikuwa nyuma ya ukuta, ungekuwa wa karibu. Yeye masikio yake yaliharibiwa na mizinga. Je, fundi wa sauti anasemaje?

Wote wakamgeukia Falk.

Otti naye akamgeukia. Mnong'ono ule ulikuwa wa mbali, hata kipofu wa masikio angejua. Ulipita kwenye mbao kama maji kwenye kitambaa. Falk alihitaji kusema neno moja tu. Na Otti alikuwa ametoka kumwokoa sasa hivi, kwa neno moja, na yeye Falk alijua ameokolewa. Alikuwa amemtazama mara moja, upesi, aliposema hamjui.

Pumzi ikamtoka Falk puani.

"Karibu," alisema. "Alikuwa karibu kabisa na maikrofoni."

Inspekta akashusha kichwa. Alikuwa amekuja na pingu moja tu, na upande mmoja ulikuwa tayari mkononi mwa Wenzel. Akamwomba sajini auachie upande wa pili, akamwomba Otti radhi, kwa kweli alimwomba radhi kama mtu aliyekanyaga gauni la mwanamke dansini, akamfunga. Shemeji na shemeji, mkono kwa mkono, chini ya taa zote zile.

Watu wakaanza kutawanyika. Ilka alirudi kuketi na kuomba konyaki. Inspekta akamwamuru Falk aitie ile sahani ya nta kwenye sanduku lake, yeye mwenyewe kwa mikono yake kwa kuwa nta haishikwi na yeyote, na aende nayo Aleks ndani ya gari la polisi. Ushahidi kama ule haukutakiwa kupata hata mkwaruzo.

Otti hakulia. Alihisi tu baridi ya chuma, na kando yake joto la mkono wa Wenzel.

"Nisamehe, shemeji," alimwambia. "Nilikuja kukutoa, nimekuzamisha."

Wenzel hakumtazama. Alikuwa akitazama mbele, na alisema kwa sauti ya mtu anayeongelea mvua.

"Mimi nilikuwa juu, Otti. Kule juu unaona vichwa vya watu wote. Taa zilipowaka nilimwona akirudi kibandani mwake. Niliona na alipoutia mkufu."

"Mbona hukusema?"

"Ni mchumba wako," Wenzel alisema. "Nilidhani utaumia."

Otti akasogea karibu naye. Bila kuchezesha midomo, kwa ile sauti ndogo ambayo haikufika hata kwa sajini, akamuuliza: wapi?

Wenzel akaelekeza kidevu mlangoni. Pale Falk Immendorf alikuwa akipita na lile sanduku jeusi la sahani za nta, lenye bitana nene ya pamba ndani, amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Na Inspekta Lüdecke, ambaye alijali ushahidi wake, alikuwa amemshikia mlango.